Bafle kubwa karibu na ukuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saluni (sebule) nyingi za Goma na Bukavu hazina nafasi ya kuacha bafle (kasha la spika) katikati ya chumba. Kuna fotei, kuna kabati la televisheni, na watoto wanapita. Mwishowe bafle inasukumwa ukutani. Hakuna ubaya wowote, mradi umbali uchaguliwe kwa mita mkononi, maana ukiisogeza sm 20 tu, besi ya chumba kizima inageuka. Majibu yafuatayo yanahusu bafle za kusimama chini, zenye urefu wa sm 80 hadi 120 na wufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 8 hadi 15.

Niache umbali gani kati ya bafle na ukuta?

Katika saluni ya mita 4 kwa 3.5, ambayo ndiyo ya kawaida kwetu, sogeza bafle karibu: mgongo wake ubaki sm 5 hadi 15 kutoka ukutani, kisha punguza besi kwenye ampli. Watu wengi hufanya kinyume. Wanasikia besi imezidi, wanaivuta bafle mbele sm 40 au 50, wanaiacha hapo. Mavumo yanapungua kweli, lakini ngoma inakuwa kavu na gitaa la besi linapotelea njiani. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote, na jibu la tatu hapa chini linaeleza sababu kwa hesabu.

Kama saluni yako ina mita 6 au zaidi, unayo nafasi ya kuvuta bafle mbele na kujaribu. Chini ya hapo, ukuta ni wa kutumiwa, si wa kukimbiwa.

Kwa nini besi inaongezeka bafle ikikaribia ukuta?

Sauti nyembamba za twita (spika ndogo ya sauti za juu) zinakwenda mbele kama mwanga wa tochi. Sauti nzito haziendi hivyo: zinazunguka kasha na kusambaa pande zote, hata nyuma. Ukuta ukiwa karibu, sehemu iliyokwenda nyuma inarudi mara moja na kujiunga na ile ya mbele zikiwa bado zinakwenda pamoja. Kwa ukuta mgumu, nyongeza inaweza kufika desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye sauti za chini kabisa. Sakafu nayo inafanya kazi hiyohiyo; kona inajumlisha kuta mbili na sakafu.

Desibeli 6 si kidogo. Kuzipata kwa ampli peke yake kungetaka nguvu mara nne. Kwa anayesikiliza kwa betri na sola, hii ni faida kubwa: ukuta unakupa besi bure, unapunguza kitufe cha besi, koni ya wufa inatembea kidogo, na betri inakaa muda mrefu zaidi.

Umbali unapimwa kutoka wapi?

Hapa ndipo makosa mengi yanaanzia. Pima kutoka kwenye uso wa wufa hadi ukutani, si kutoka mgongo wa kasha. Bafle yenye kina cha sm 38 iliyoachwa sm 7 nyuma ina wufa iliyo sm 45 kutoka ukutani, na namba inayotawala ni hiyo 45.

Sauti inayokwenda nyuma inasafiri umbali huo mara mbili kabla ya kukutana na ile ya mbele. Safari hiyo ikiwa sawa na nusu ya urefu wa wimbi, mawimbi mawili yanafutana, na noti hiyo inadidimia. Kasi ya sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20. Chukua 343, gawanya kwa umbali wa wufa (kwa mita) uliozidishwa kwa 4. Utapata mahali penye shimo, kwa Hz (mitetemo kwa sekunde):

sm 30: shimo liko karibu na Hz 286
sm 45: Hz 191
sm 60: Hz 143
sm 80: Hz 107
mita 1: Hz 86
mita 1.2: Hz 71

Sasa linganisha na gitaa la besi. Nyuzi zake zikipigwa bila kubanwa zinatoa mi kwa Hz 41, la kwa Hz 55, re kwa Hz 73 na sol kwa Hz 98. Ukiacha wufa sm 80 hadi mita 1.2 kutoka ukutani, shimo linaangukia kati ya re na sehemu ya juu kidogo ya sol, yaani palepale ambapo besi ya rumba inatembea muda wote. Ukisogeza mpaka sm 45, shimo linapanda hadi Hz 191. Huko juu bafle imeshaanza kuelekeza sauti mbele, kwa hiyo kinachorudi kutoka ukutani ni dhaifu zaidi, na sponji nene inaweza kukimeza kwa sehemu. Kwenye Hz 80 sponji ya kawaida haifanyi kitu.

Je, siwezi kuziba shimo hilo kwa ekwalaiza?

Hapana. Besi iliyozidi inapunguzwa kwa kitufe bila shida. Noti inayofutwa na ukuta haiongezwi kwa kitufe, kwa sababu kila unachoongeza mbele kinaongezeka nyuma pia, na kufutana kunaendelea. Ampli inachemka, koni inapiga mwisho, noti haisikiki. Shimo linatibiwa kwa kusogeza bafle tu.

Bafle yangu ina tundu la hewa nyuma. Nayo naweza kuisogeza ukutani?

Ndiyo, kwa masharti. Acha nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu lenyewe: tundu la sm 8, nafasi ya sm 8, na 10 hadi 15 ni bora. Ukibana zaidi, hewa inakosa njia. Utasikia mpumuo, kama mtu anayepuliza chupa, kila ngoma kubwa inapopigwa.

Kama besi bado inavuma hata ukiwa umepunguza kitufe, ziba tundu. Kunja soksi nene ya pamba iwe mviringo uliokaza kidogo, au kata sponji iliyo pana kuliko tundu kwa sm 1, uiingize sm 5 ndani, nyingine ibaki nje ili uweze kuivuta. Isiwe huru kiasi cha kutumbukia ndani. Usitumie mfuko wa plastiki. Mfuko utatetemeka na kupiga kelele. Bafle iliyozibwa inashuka taratibu kwenye besi za chini, na ukuta unajaza pengo hilo, hivyo mara nyingi hivi viwili vinaelewana vizuri sana. Ila jua kwamba tundu lilikuwa linaizuia koni isitembee mno kwenye noti za chini. Likizibwa, koni inatembea zaidi, kwa hiyo usipige kwa sauti ya harusi.

Tundu likiwa mbele, unaweza kusogea mpaka sm 3 au 5. Usiguse ukuta kabisa: nyaya zinahitaji kupita bila kuvunjika shingo, na unyevu tutauzungumzia.

Nyumba yangu ni ya mbao. Je, sheria ni zilezile?

Swali hili ni la Goma kabisa, na jibu lake linatofautiana na vitabu vya Ulaya, ambavyo vinadhani kila ukuta ni tofali.

Ukuta wa mbao za sm 2.5 nje na tripleksi (plaiwudi) ndani haurudishi besi yote. Sehemu inapita kwenda nje, sehemu inaliwa na tripleksi yenyewe. Karatasi ya tripleksi ya milimita 4, yenye nafasi ya hewa ya sm 10 nyuma yake, inacheza kama ngozi ya ngoma kwenye kiasi cha Hz 120, na inameza sauti za eneo hilo. Matokeo yake ni mema: nyumba ya mbao haivumi kama nyumba ya simenti, na unaweza kusogeza bafle karibu zaidi bila kupunguza sana kitufe. Mara nyingi desibeli 2 zinatosha, wakati kwenye ukuta wa tofali ungehitaji 4 au 5.

Tatizo lake ni mtetemo. Mbao moja iliyolegea inaharibu wimbo mzima, na mwenye nyumba anadhani wufa imepasuka. Tafuta hivi: weka kwenye simu programu ya kutoa toni, unganisha na ampli, anza Hz 40 ukipanda polepole hadi 150, sauti ya wastani. Mlio wa zzz ukitokea, acha toni hapohapo, tembea chumbani ukibonyeza tripleksi kwa kiganja. Mlio ukikatika chini ya mkono wako, umepata. Piga misumari midogo au kaza kwa kipande cha mbao kila sm 40. Mara nyingine si ukuta: ni kioo cha dirisha, ni fremu ya picha, ni bati la paa ambalo msumari wake umepoteza mpira. Ukiwa unabadilisha tripleksi, jaza nafasi ya nyuma nguo kuukuu zilizo kavu, bila kuzishindilia, na uziweke mbali na waya wa umeme.

Na ukuta wa mawe ya volkano au matofali?

Ukuta huu unarudisha besi karibu yote. Jiwe la volkano lisilopigwa lipu lina mikwaruzo ya sm chache, na mikwaruzo hiyo inatawanya sauti nyembamba tu. Kwa besi ni ukuta laini kama mwingine. Nyumba za matofali za Bukavu zilizopigwa simenti ndani, sakafu ya simenti, plafo (dari) ngumu, ndizo zinazovuma kuliko zote. Huko rido nzito na zulia zinasaidia sauti za juu, lakini besi inashughulikiwa kwa nafasi ya bafle na nafasi ya kiti.

Vipi kuhusu kona?

Epuka, isipokuwa bafle imetengenezwa kwa ajili ya kona. Besi inaongezeka mno, na kila mvumo wa chumba (noti ambayo chumba chenyewe hukuza kwa sababu ya vipimo vyake) unaamshwa kwa nguvu yake yote, kwa sababu mivumo yote ina kilele chake konani. Kwenye chumba cha mita 4 mvumo wa urefu uko Hz 43, wa upana wa mita 3.5 uko Hz 49, na wa kimo cha mita 2.6 uko Hz 66. Ukisikia noti moja tu ya besi ikijaza chumba na nyingine zikinyamaza, tazama kama bafle moja haijajibana konani.

Acha sm 60 hadi 90 kutoka ukuta wa pembeni, na hakikisha vipimo hivi vitatu vya umbali havifanani: wufa hadi sakafu, wufa hadi ukuta wa nyuma, wufa hadi ukuta wa pembeni. Mfano mzuri ni 35, 50 na 80. Ukiweka 50, 50, 50, mashimo matatu yanaangukia noti moja na noti hiyo inakufa.

Kuna bafle zilizoundwa kukaa ukutani?

Zipo, na si wazo jipya. Paul Klipsch wa Marekani alitoa Klipschorn mwaka 1946, bafle kubwa ya kona ambayo kuta mbili za chumba zinakuwa mwendelezo wa tarumbeta yake. Roy Allison alichapisha mwaka 1974 vipimo vyake juu ya jinsi kuta zinavyobadilisha nguvu ya besi, kisha akauza bafle ambazo wufa zake zilikaa karibu kabisa na makutano ya ukuta na sakafu. Bafle nyingi za kawaida, kinyume chake, zimepangwa kiwandani zikidhaniwa zitasimama mbali na ukuta, na mtengenezaji amekwisha kuongeza besi mwenyewe. Ndiyo maana zikifika ukutani zinazidisha.

Mimi nikae wapi?

Usiegemeze kichwa kwenye ukuta wa nyuma. Huko besi inazidi na sauti ya mwimbaji inajaa matope. Usikae katikati kabisa ya chumba pia, maana mvumo wa urefu hauna nguvu hapo. Kwenye chumba cha mita 4, weka fotei ili masikio yawe mita 2.5 kutoka ukuta wenye bafle, mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma. Umbali kati ya bafle mbili ukaribiane na umbali wako kutoka kila moja.

Zigeuze kidogo zikutazame. Zikiwa karibu na ukuta, ziache zielekee nje ya mabega yako, kisha geuza kidogokidogo mpaka mwimbaji asimame wazi katikati.

Trei za mayai ukutani zinasaidia?

Kwa besi, hapana kabisa. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa mita 3.4, trei ya sm 5 hailioni. Inapunguza kidogo sauti za juu, chumba kinakuwa kizito juu na bado kinavuma chini. Na ni karatasi kavu iliyojaa ukutani, katika nyumba ya mbao, wakati umeme ukikatika watu wanawasha mishumaa. Tafadhali usifanye.

Ukitaka kitu kinachofanya kazi, chukua sponji ya matela yenye unene wa sm 15, upana wa sm 60, urefu wa mita 1, uifunike kitambaa, uisimamishe ukutani sambamba na wufa. Hapo utalazimika kuiruhusu bafle isogee mbele kidogo, kwa hiyo pima tena. Inasaidia kuanzia kama Hz 200 kwenda juu. Sponji nayo inashika moto haraka: mishumaa na jiko la makaa vikae mbali.

Nifuate utaratibu gani jioni moja?

Bandika skochi (utepe wa gundi) sakafuni kuanzia ukutani, alama kila sm 10. Weka besi na trebo za ampli katikati. Tumia bafle moja kwanza.

Anza na mgongo ukiwa sm 5. Cheza toni za Hz 40, 50, 63, 80, 100, 125, 160 na 200, kila moja sekunde tano, ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Andika ipi imezidi na ipi imekufa. Sauti iwe ya chini, kwani toni isiyokatika inachemsha bobina (koili ya waya ndani ya wufa) haraka. Sogeza sm 10, rudia. Ukitumia simu kupima, usiamini namba zake za chini. Maikrofoni nyingi za simu hukata besi. Inatosha kulinganisha nafasi moja na nyingine.

Kisha weka wimbo. Sebene nzuri ya rumba inafaa kuliko toni yoyote. Sikiliza gitaa la besi pekee: kila noti iwe na uzito unaokaribiana na jirani yake, na mwisho wa noti usikike kabla inayofuata haijaanza. Noti moja ikiruka juu kama mtu anayepiga kelele msibani, rudisha sm 5 na usikilize tena. Hatua za mwisho ni za sm 2 au 3, na zinasikika.

Sasa leta bafle ya pili kwenye vipimo vilevile, kisha punguza kitufe cha besi mpaka sauti ya mwanamume anayezungumza isikike ikitoka kinywani, si kifuani.

Nimeweka zote mbili ukutani na besi imepotea. Kwa nini?

Karibu kila mara ni waya. Bafle moja imefungwa kinyume: moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinafutana katikati ya chumba. Angalia nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Kama bado una shaka, chomoa bafle kwenye ampli, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: chanya kwenye nyekundu, koni ya wufa inapaswa kuruka nje. Ikiingia ndani, waya umegeuzwa ndani ya kasha.

Sakafu yangu ni ya mbao na yote inatetemeka.

Weka chini ya kila bafle dale ya simenti ya sm 40 kwa 40, unene wa sm 5, na chini ya dale vipande vinne vya mpira wa ndani wa tairi, vilivyokunjwa mara mbili. Hakikisha haiyumbi. Kwenye sakafu ya simenti miguu midogo ya mpira inatosha.

Jirani analalamika.

Dale haitamsaidia, kwa sababu besi inayomfikia inapita hewani na ukutani. Hamisha bafle kutoka ukuta unaowatenganisha, ziwe kwenye ukuta unaotazama barabara au ua, na usiku shusha kitufe cha besi kabla ya kushusha sauti. Kuongeza tripleksi moja hakutoshi: hata ukuta ukizidishiwa uzito mara mbili, unazuia kama desibeli 6 tu.

Unyevu na vumbi vinadhuru bafle iliyo karibu na ukuta?

Vinadhuru. Wakati wa mvua ukuta wa mawe au matofali unatoa jasho, na kasha la mbao ya unga likiugusa linavimba kuanzia chini, veneer (ganda jembamba la juu) inafunguka, hewa inavuja na besi inalegea. Nafasi ya sm 5 nyuma na sm 3 chini inatosha hewa kupita. Pitisha kiganja nyuma ya kasha kila juma. Ukihisi baridi yenye maji, ivute sm 10 mpaka kiangazi.

Vumbi jeusi la Goma ni la jiwe, linakwaruza. Likipenya kati ya bobina na sumaku, wufa inaanza kukwangua. Jaribu ukiwa umezima ampli: weka vidole vinne kuizunguka katikati ya koni, isukume ndani taratibu na kwa usawa, milimita 3 au 4. Ikienda kimya, ni nzima. Ukisikia kama kiberiti kinachokwaruzwa, ipelekwe kwa fundi kabla bobina haijaungua. Futa koni kwa brashi laini kavu, kutoka katikati kwenda nje, na uifunike kitambaa chepesi ukiwa huisikilizi.